Nina mbizi 34 na likizo ya siku kumi: boti ya kulala Bahari ya Shamu nichague vipi?

Binti Mtwapa

Salaam aleikum wenzangu.

Mimi ni mtu wa Mtwapa, ila huu mwaka wa sita niko Maskati, nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Kupiga mbizi nilionjeshwa Diani na binamu yangu, nikakatiza miaka mitatu, kisha nikarudia huku kwenye visiwa vya Daymaniyat. Daftari langu leo lina mbizi 34. Cheti nilicho nacho ni cha Advansi, hatua moja juu ya kile cha kuanzia. Chini kabisa nilipofika ni mita 28, na siku hiyo moyo niliusikia mpaka masikioni, sitaki kuwadanganya.

Oktoba nina likizo ya siku kumi. Nimejibana mwaka mzima nikapata yuro 1,600 nje ya tiketi ya ndege, na nia yangu ni moja: ile safari ya kulala ndani ya boti wiki nzima Bahari ya Shamu, upande wa Misri. Unaamka unazama, unakula unazama, unalala. Wazungu na Wamisri wote wanaziita boti za safari, neno letu hilo (au la Waarabu, tusigombane), nami nimelichukua kama mwaliko.

Zimebaki tatu mezani. Ya kwanza ina jakuzi kwenye sitaha ya juu kabisa na papa kila ukurasa. Inakwenda kwenye miamba ya Brothers, Daedalus na Elphinstone, yuro 1,290, lakini nikilipa kabla ya Ijumaa wananiachia kwa 990. Ya pili inakwenda kaskazini: Abu Nuhas, Thistlegorm, Ras Mohammed. Hiyo ni 1,080. Kwa picha ni boti ya kawaida, mapazia ya kahawia, viti vya plastiki. Ya tatu ni wakala tu, njia ileile ya kaskazini kwa 870, na jina la boti "utajulishwa wiki mbili kabla ya safari".

Moyo uko kwa ile ya papa. Lakini kaka yangu Mombasa alinitumia habari za ile boti iliyopinduka karibu na Marsa Alam Novemba 2024, kisha, bila kuniuliza, akamtumia na mama. Tangu siku hiyo mama kila nikipiga simu ananiuliza kama nimeshalipa.

Na jambo jingine. Nasafiri peke yangu, navaa hijabu, nasali. Kabini ni za watu wawili. Nitalala na nani? Aliyewahi kwenda anieleze kama anavyomweleza mdogo wake.

Mnungwi Mstaafu

Wa aleikum salaam dada yangu. Nimeongoza wazamiaji Nungwi miaka kumi na moja, na katikati hapo nilikwenda Hurghada misimu miwili kwenye boti za namna hiyo. Nitasema niliyoyaona.

Ya kwanza ifute. Jakuzi halina kosa. Kwa Brothers na Daedalus, kanuni ya Misri inataka mzamiaji awe na mbizi zisizopungua 50 zilizoandikwa. Wewe una 34. Je, walikuuliza? Nabashiri hawakukuuliza, walikuuliza Ijumaa utalipa kwa kadi au kwa benki. Basi hapo kampuni imeshajieleza yenyewe, huna haja ya kusoma maoni ya wateja.

Na hiyo 50 si ubabe wa karatasi. Brothers ni vilele viwili vya mwamba vilivyochomoza katikati ya bahari, kama kilomita 60 kutoka pwani. Hakuna ghuba ya kujificha. Ukuta unashuka wima mpaka jicho linakoma, hakuna mchanga wa kukuambia kuwa hapa ndipo chini. Mkondo ukiipiga ncha ya kisiwa unagawanyika, na kuna mahali unakushusha kana kwamba mtu amekushika kifundo cha mguu. Mnapelekwa kwa dingi ya mpira, mnajitupa kinyumenyume jaketi la kuelea likiwa halina hewa, mnashuka papo hapo. Ukichelewa nusu dakika unahangaika na masikio, wenzako wako upande wa pili.

Nakumbuka mgeni mmoja, mtu mzima, mpole, anayekunywa chai yake polepole. Daftari lake lilisema mbizi 60. Nilipolipekua niliona ishirini za mwisho zote kwa kalamu moja, mwandiko haukupumzika, kina mita 18, dakika 45, mita 18, dakika 45. Nikajua. Nikanyamaza kwa kumstahi, na lawama hiyo ni yangu peke yangu. Siku ya pili aliachana na kundi, akaibuka peke yake, upepo wa kaskazini umeshaikoroga bahari, hana boya la kuinua. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya mita moja na nusu ni kama nazi. Tulimtafuta dakika 40. Aliyemwona ni mpishi, alipanda juu kuanika mataulo.

Kwa hiyo boya, dada. Lile refu la rangi ya chungwa unalolijaza hewa ukiwa bado chini, pamoja na kigurudumu cha uzi. Nunua la kwako, usikodi. Lirushe mara kumi Daymaniyat kabla ya Oktoba, kwa sababu mara ya kwanza kila mtu uzi humzongea vidole, na hilo likukute mahali penye kina cha mita tano, mwalimu yuko pembeni anacheka.

Sasa ile ya kaskazini. Wengi wanaidharau kwa sababu haina papa wa kupiga picha. Mimi ukinipa nauli leo nakwenda huko. Thistlegorm ilikuwa meli ya mizigo ya Waingereza. Mwaka 1941 Mediterania ilikuwa haipitiki kwa vita, ikabidi izunguke Afrika nzima, Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda na upande wetu huu wa bahari kuelekea Misri. Nikiwa Nungwi nilikuwa napenda kufikiri kwamba pengine mzee fulani mvuvi aliuona moshi wake. Usiku wa tarehe 6 Oktoba ndege ya Wajerumani ikaipiga mabomu ikiwa imetia nanga inasubiri zamu ya kuingia Suez. Mpaka leo pikipiki zimepangwa juu ya malori kama zilivyopakiwa, za BSA na Norton, mipira ya magurudumu ipo. Kuna viatu vya mvua, kuna bunduki zimeshikana kama matita ya kuni, na kichwa cha treni kimekaa mchangani nje ya meli, kilirushwa na mlipuko. Mchanga uko kama mita 30. Ukichukua nitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka asilimia 32, unaruhusiwa mpaka mita 33 hivi, utadhani walipima.

Abu Nuhas nayo ni mwamba mmoja uliokula meli kama mtu anayekula karanga. Carnatic iligonga pale 1869, Giannis D 1983. Ile ya pili imelala kiubavu, ukiingia chumba cha mitambo akili inakataa: sakafu ni ukuta, ngazi inakwenda pembeni. Hewa iko palepale kwenye mtungi lakini kichwa kinazunguka. Usiingie bila mwongozaji, na usione haya kubaki nje. Nje kuna samaki wa kutosha.

Waulize hili: Thistlegorm mnafika saa ngapi? Boti inayojua kazi inalala jirani na meli yenyewe, mnazama saa kumi na mbili asubuhi, boti za siku za kutoka Sharm hazijaja. Wanaofika saa nne asubuhi watakuonyesha mapezi ya watu.

Chake Boi

Yuro 1,600!! Dada, kwa hela hiyo njoo Pemba. Misali hapa, maji kama kioo, ukuta upo, mkondo upo, pweza wa nazi jioni. Utalala nchi kavu kitanda hakiyumbi na mama yako atakuja na yeye.

Mnungwi Mstaafu

Chake Boi, Misali nimeizama mara nyingi kuliko ulivyovuka wewe kwenda Unguja. Pazuri, sibishi. Lakini dada ameuliza boti ya kulala, yenye mbizi tatu nne kwa siku mahali ambapo boti ya siku haifiki. Kwetu huko hizo ni za kutafuta kwa tochi. Mwache aende, Pemba haiondoki.

Fundi wa Ngama

Mimi si mzamiaji, sijui kuogelea vizuri hata. Ni fundi wa mitambo ya meli, Dar es Salaam, mwanangu ndiye mwenye mapezi. Nimesoma haya yote, mnazungumza papa na mikondo. Haya. Papa hajawahi kuzamisha boti.

Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua kule California, kando ya kisiwa cha Santa Cruz. Watu 34 walikufa, wamelala kwenye vitanda vya chini. Wafanyakazi watano waliokuwa juu walipona. Wachunguzi wa Marekani waliandika mambo mawili ambayo naomba uyashike. La kwanza: hakukuwa na mtu wa zamu anayetembea usiku. La pili: chumba kile kilikuwa na njia mbili za kutoka, ngazi na kifuniko cha dharura, karatasi zote sawa, ila zote mbili zilitokea kwenye ukumbi uleule, na ukumbi ndio uliokuwa unawaka. Njia mbili zinazotokea mahali pamoja ni njia moja.

Bahari ya Shamu nayo: Aprili 2023 moja ilipinduka, watu wote wakaokolewa. Juni 2023 nyingine ikashika moto na wageni watatu wa Uingereza wakafa. Kisha hiyo ya Novemba 2024 aliyokutumia kaka yako, iliyopinduka usiku watu wakiwa vitandani. Sababu za kila moja nawaachia waliopewa kuchunguza. Mimi nasema habari ya vyombo kwa jumla.

Wazee wetu wa majahazi walijua: chombo bila farumi kinakwenda mrama. Uzito uwe chini, tumboni, karibu na mkuku. Boti nyingi za kule ni za mbao, zimejengwa ndefu na nyembamba. Mwenye boti anataka kuuza, basi anaongeza sitaha ya kuota jua, juu yake kivuli, juu yake jakuzi. Jakuzi la lita elfu moja ni tani moja ya maji iliyowekwa juu ya kichwa, na ni maji yanayokwenda upande ule ule boti inakolalia. Mimi ningemwambia Mnungwi kwamba jakuzi lina kosa.

Usiwaulize kama boti yao ni salama. Nani atasema hapana? Waulize vitu ambavyo jibu lake lina umbo. Kabini yangu iko sitaha ipi, ina njia ngapi za kutoka, na kila moja inatokea wapi hasa? Nani yuko macho saa tisa usiku, anatembea au anakaa, na anaandika wapi? Betri za kamera na taa zinachajiwa wapi, na umeme wa hapo unakatwa saa ngapi? Hizi betri za lithiamu ndizo zinazonikosesha usingizi. Mtu anaacha betri nne na pawabenki chini ya mto, anaondoka kwenda kula. Boti imejengwa mwaka gani, na kuna sitaha iliyoongezwa baada ya hapo? Mashua za mpira za kujiokolea zilikaguliwa lini? Mazoezi ya kuhama boti yanafanyika kabla ya kung'oa nanga, au mnaonyeshwa video?

Watumie wote watatu maneno yale yale, siku ile ile. Kisha usisome wanachosema tu, soma wanavyosema.

Na ukifika, usiku wa kwanza, kabla hujafungua begi: toka kabini mpaka nje ukiwa umefumba macho, mkono ukutani. Mara mbili. Watakucheka. Wacheke.

Bi Mkubwa wa Doha

Mwanangu Binti Mtwapa, mimi nina miaka 52, mzaliwa wa Lamu, mume wangu kazi yake Doha, na njia ya kaskazini nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu kama wewe. Wanaume wameeleza meli na moto, niachieni mimi kabini.

Andika kwa barua kwamba unataka kulala na mwanamke, na kwamba akikosekana hutalipa kabini nzima. Kampuni nyingine inakubali, nyingine inakutoza nyongeza karibu nusu ya bei, sasa bora ujue leo kuliko gatini. Mimi nililala na daktari wa meno kutoka Poland ambaye alikuwa akikoroma kistaarabu. Tulielewana: yeye aoge kwanza jioni, mimi kwanza alfajiri.

Mavazi si tatizo. Wafanyakazi wote ni Wamisri, wamezoea, na wengi wao wenyewe wanasali hapo nyuma kwenye sitaha ya mitungi. Nilivaa suti ya milimita tano, kofia yake ya mpira inaziba nywele zote, juu nilikuwa na joho jepesi la kuvaa papo hapo nikipanda ngazi. Kibla alikuwa ananionyesha nahodha kila boti ilipogeuka, kwa kidole, bila kuulizwa. Nyama ni halali, maharage ya ful kila asubuhi mpaka utayaota. Bia ipo kwa wanaotaka, inaanza baada ya mbizi ya mwisho. Anayekunywa hazami tena siku hiyo, na boti yangu ilikuwa kali kwa hilo.

Viatu utavisahau. Ukipanda tu unavivua, vinaingia kwenye kapu kubwa, hutaviona tena mpaka siku ya kushuka. Wiki nzima mnatembea miguu mitupu, wageni, wapishi, nahodha. Mimi kisigino kilinishukuru.

Kabini za chini zina bei nafuu na zinayumba kidogo, lakini jenereta iko ukutani kwako. Za juu kuna upepo na dirisha, ila bahari ikichafuka unazungushwa kama mtama kwenye ungo. Kutoka upande wa Hurghada kuvuka kwenda Ras Mohammed mnavuka mlango wa ghuba ya Suez, na upepo wa kaskazini unawapiga ubavuni. Mimi bahari hainilevyi, nimezaliwa ndani yake, lakini hapo nilikaa kimya nikatazama upeo. Dawa inywe kabla, ukishaanza kutapika haikai.

Beba fedha taslimu. Nitroksi, vifaa vya kukodi, ada za hifadhi, na bahasha ya bakshishi ya mwisho wa wiki kwa wafanyakazi, vyote hivyo mara nyingi haviko kwenye ile bei iliyoandikwa kubwa. Uliza kila kimoja. Mimi mara ya kwanza "yote ndani" ilinitoka yuro 210 zaidi.

Na bima. Bima yako ya safari isome sehemu ya mbizi, mara nyingi inaishia mita fulani au haitaji kabisa. Chukua ya wazamiaji hasa, mimi niko na DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji. Chemba ya mgandamizo ya kutibu wazamiaji ipo Hurghada na Sharm, lakini saa moja ndani ya chemba haina bei ya urafiki.

Binti Mtwapa

Nimewasoma wote mara tatu, mara ya pili na kalamu. Bi Mkubwa, shikamoo, umenipunguzia hofu ambayo hata sikuiandika. Fundi, umenirudishia.

Niliwatumia wote watatu barua moja Jumapili usiku, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu changu cha Maskati, kile ambacho Wamisri wanakicheka. Leo ni siku ya kumi na mbili.

Kampuni ya jakuzi walijibu baada ya dakika nane. "Usijali kabisa, usalama wako ndio kipaumbele chetu namba moja", mioyo miwili na papa. Nikawauliza tena njia ya pili ya kabini inatokea wapi. Wakasema boti ina viwango vya kimataifa. Nikawaambia nina mbizi 34 tu. Wakasema hapo hakuna shida, na kwamba daftari "unaweza kulikamilisha ukifika". Mnungwi, nilikumbuka kalamu ya yule mgeni wako nikafunga mazungumzo. Lile punguzo la Ijumaa, kwa taarifa yenu, limeongezwa mpaka Ijumaa nyingine.

Wakala wa 870 alijibu vizuri, kwa heshima, mtu mkweli kwa kweli: hawezi kujibu swali hata moja kwa sababu hajui boti itakuwa ipi. Lakini ratiba yake ilinistua. Mbizi ya mwisho saa tatu asubuhi, uwanja wa ndege saa mbili usiku wa siku hiyo hiyo. Mimi kazi yangu ni damu za watu, naitrojeni inayobaki mwilini baada ya mbizi sitanii nayo. Mwongozo wa DAN baada ya siku nyingi za mbizi ni angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na boti nyingi zinaweka 24. Hizo hapo ni 11. Nilimwonyesha hesabu, akasema wageni huwa hawalalamiki.

Wale wa mapazia ya kahawia walinyamaza siku nne. Nikakata tamaa. Siku ya tano ikaja sauti kwenye simu, ya nahodha mwenyewe, injini inanguruma nyuma, anajibu swali moja moja kwa mpangilio nilioandika, kama mtoto anayesomewa imla. Kabini za chini ziko sita. Ngazi inatokea ukumbini. Kifuniko cha dharura kiko mbele na kinatokea nje, sitaha ya omo. Mwaka wa kujengwa 2009, hakuna sitaha iliyoongezwa, na akasema kwa huzuni kidogo kwamba wageni wanaiona fupi. Betri zinachajiwa kwenye meza ya chuma nje, nyuma, umeme wa meza unakatwa saa nne usiku, kabini hairuhusiwi hata pawabenki. Zamu ya usiku ni ya watu wawili wanaopokezana, anayetembea anaandika saa kwenye daftari kila baada ya dakika 30. Akanitumia picha ya ukurasa wa daftari hilo. Kuna mahali saa nane na nusu haikuandikwa, na pembeni mtu mwingine ameandika kwa hasira, kwa wino mwekundu, "ulikuwa wapi?"

Hiyo ndiyo iliyonishawishi. Kuna mtu analisoma lile daftari.

Halafu akaongeza jambo ambalo sikuuliza: kompresa moja kati ya mbili za kujaza mitungi iko kwa fundi mpaka Septemba, isiporudi tutakuwa na mbizi tatu kwa siku badala ya nne, na nikitaka kuahirisha kwa sababu hiyo watanirudishia amana. Mbizi zangu ngapi? Aliniuliza yeye, tena tarehe ya mbizi ya mwisho, na siku ya kwanza ni ya kupimana kwenye mwamba mwepesi karibu na Hurghada kabla ya mabaki ya meli yoyote. Thistlegorm wanalala hapohapo. Mbizi ya mwisho ni Alhamisi asubuhi, kushuka botini Ijumaa, ndege yangu Ijumaa usiku.

Jana wakanitumia video ambayo fundi wetu ataipenda. Kijana wa kabini ameshika simu, taa zimezimwa, anatoka kitandani kabini namba 4, mkono ukutani, anafika kwenye kifuniko, anakisukuma, nje kuna nyota. Nimeipima: sekunde 19.

Nimelipa amana. Kabini ya chini, pamoja na mwanamke kutoka Alexandria anayefanya hii safari kila mwaka, wameniandikia hivyo kwenye risiti. Boya nimenunua, nimelirusha mara saba, mara nne uzi umenifunga. Kuanzia sasa mpaka Oktoba nina wikendi tano za Daymaniyat, kwa hiyo nitafika na 40 na kitu, zote kwa kalamu tofauti.

Mama nimemwonyesha ile video. Aliitazama mara mbili bila kusema. Kisha akauliza yule kijana mbona hana viatu.

Swali la mwisho, Mnungwi. Mtungi wa kawaida ni lita 12. Wa lita 15 wanatoza yuro 40 zaidi kwa wiki. Mimi huwa narudi juu na baa 50 za hewa mtungini wakati wenzangu wana 90. Nilipie, au nijifunze kupumua?

Mnungwi Mstaafu

Lipia.